Ukipigwa mkono na trafiki ukaambiwa "puliza hapa": hatua kwa hatua kwa madereva wa Dodoma

Shemeji yangu ni dereva wa basi. Jumamosi moja tulikuwa na harusi ya mpwa wetu Chang'ombe, naye akanywa bia tano kubwa, taratibu, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita. Akaenda kulala. Saa kumi alfajiri aliamka, akaoga, akanywa chai ya tangawizi na chapati mbili, akaelekea stendi ya Nanenane kupakia abiria wa Singida. Saa kumi na moja askari wa usalama barabarani alikuwa anapita basi hadi basi na kipima ulevi mkononi.

"Habari ya asubuhi, dereva. Puliza hapa, usiache mpaka nikwambie."

Akapuliza. Mashine ikalia.

"Afande, mimi leo sijagusa hata tone."

Ukweli ni kwamba leo hakuwa amegusa hata tone. Lakini damu haihesabu kuanzia adhuhuri wala kuanzia alfajiri. Pombe ya jana ilikuwa bado imo. Kituoni akasaini maelezo bila kuyasoma kwa sababu abiria walikuwa wanamngoja na aibu ilikuwa imemjaa. Mahakamani alipoulizwa akajibu "ni kweli" akidhani ndiyo njia ya kumaliza haraka. Leseni ikafungiwa, kazi ikaenda.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata yetu, si wakili, na kesi kama hii naziona mara kwa mara. Nyingi huamuliwa na yale mtu aliyoyafanya au aliyoacha kuyafanya ndani ya nusu saa ya kwanza barabarani. Ndiyo maana naandika haya kwa mpangilio wa matukio, ili ukipigwa mkono barabara ya Iringa au pale Ihumwa ujue uko hatua gani.

Kwanza ujue sheria inasema makosa mawili, si moja

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ndani yake kuna kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hilo linathibitishwa kwa mwenendo wako: gari lilikuwa linayumba, umeshuka ukashika mlango usianguke, maneno yanakataa kutoka. Kisha kuna kosa la pili, la kuendesha ukiwa na pombe mwilini kupita kiwango, na hilo linathibitishwa kwa kipimo. Kiwango kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kwa anayeendesha gari la abiria au la biashara ni sifuri.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukipuliza ikasoma chini ya 80 umetoka. Kama ulikuwa unatambaa kushoto na kulia kwenye lami, kosa la kwanza bado lipo. Vilevile dereva wa basi, daladala au lori asiseme "nimekunywa moja tu", maana kwake hata moja ni nyingi.

Sheria haimgusi anayeendesha peke yake. Inamgusa pia anayejaribu kuendesha, na hata yule mwenye gari mikononi mwake akiwa barabarani au mahali pa watu wote. Ukitoka baa ukaamua kulala garini, jambo ambalo ni afadhali kuliko kuendesha, usikae kwenye kiti cha dereva huku ufunguo uko kwenye swichi. Kaa nyuma, na ufunguo mwachie mhudumu au mwenzako ambaye hakunywa.

Hesabu ya usiku wa jana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu waaminifu wanapoangukia.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwanaume wa kilo 70 akiimaliza, damu yake hupanda kwa karibu miligramu 40 kwa kila mililita 100. Mwanamke wa uzito huohuo hupanda zaidi, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji kidogo zaidi. Ini nalo huipunguza pombe kwa mwendo wake lenyewe, takriban miligramu 15 kwa saa, kwa wengine 10, kwa wengine 20. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala kuoga maji ya baridi, wala supu ya mbuzi. Supu inakupa nguvu, lakini haikutoi pombe kwenye damu.

Sasa mhesabie shemeji. Bia tano ni kama miligramu 200. Saa nne za kunywa zimeondoa 60, kwa hiyo saa sita usiku alikuwa na kama 140. Kufika saa kumi na moja alfajiri, saa tano baadaye, zimetoka 75 nyingine, zimebaki 65. Angekuwa anaendesha gari lake dogo kwenda kanisani angekuwa chini ya kiwango. Kwenye usukani wa basi alikuwa na kosa. Angefika sifuri kama saa tatu au saa nne asubuhi, na mtu mwenye ini la polepole, la miligramu 10 kwa saa, angefika kama saa kumi jioni.

Pombe zetu za hapa zina ugumu wake. Bia ya kiwandani imeandikwa asilimia ubavuni. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo mililita 70 hivi tu zinalingana na chupa nzima ya bia. Mvinyo wa zabibu za Hombolo na Makutupora, na dompo ambayo watu huinywa kama juisi kwa sababu ni tamu, zina nguvu kuliko bia mara mbili na zaidi. Ujimbi wa mtama haujaandikwa kitu popote, na mtungi wa leo si sawa na wa juzi. Ukinywa ujimbi, usijaribu hesabu. Kesho yake usiendeshe.

Umepigwa mkono

Washa indiketa, simama pembeni, zima injini, shusha kioo, mikono ionekane. Ikiwa ni usiku washa taa ya ndani. Msalimie askari, mpe leseni na bima. Kisha angalia saa uikumbuke, kwa sababu saa ya kusimamishwa ndiyo mwanzo wa hesabu zote zitakazofuata.

Ukiulizwa "umekunywa ngapi?" una hiari. Jina lako, leseni na nyaraka za gari unawajibika kuvitoa. Habari ya ngapi, wapi na na nani hulazimiki kuisimulia kando ya barabara. Unaweza kusema kwa adabu: "Afande, niko tayari kupimwa. Maswali mengine nitayajibu nikiwa na ndugu yangu au wakili." Hapo hujatukana mtu wala hujadanganya. Uongo wa "sijawahi kunywa maishani" unaandikwa, na ukishavunjwa na mashine unaharibu hata yale ya kweli utakayoyasema baadaye.

Kama una kisukari, liseme hilo mapema na kwa sauti. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho, huongea kwa kuvuta na kuyumba, na anayemtazama atasema amelewa. Mzee mmoja wa Kongwa alikaa benchi la kituo muda mrefu akichukuliwa ni mlevi, mpaka mjukuu wake alipofika na kadi ya kliniki na soda. Weka kadi yako pamoja na leseni.

Kabla hujapuliza

Kipima ulevi kinapima pombe iliyo kwenye hewa ya ndani kabisa ya mapafu, inayokutana na damu. Vingi vya mkononi vina chombo kidogo ambamo pombe ikiingia hutoa umeme, na kadiri umeme unavyokuwa mwingi ndivyo namba inavyopanda. Mashine haijui pombe imetoka mapafuni au mdomoni. Ukiwa umesukutua kwa dawa ya kinywa yenye pombe, umekunywa dawa ya kikohozi ya aina hiyo, au umecheua dakika mbili zilizopita, pombe ya mdomoni inaweza kupandisha namba. Hutoweka yenyewe ndani ya kama dakika 15. Hivyo omba, kwa upole: "Afande, nimetumia dawa ya kikohozi sasa hivi, naomba tusubiri dakika kumi na tano." Iwe kweli, na onyesha chupa.

Omba na mambo haya mengine matatu.

Mrija uwe mpya, utolewe kwenye pakiti mbele yako. Ni afya yako kwanza, na pia mrija uliopulizwa na mwingine hauna nafasi kwenye ushahidi safi.

Mashine ianze kwenye sifuri kabla hujaigusa, na uione kwa macho yako.

Uoneshwe namba pamoja na kizio chake. Hili wengi hawalijui. Mashine nyingine husoma miligramu kwa lita ya pumzi, nyingine husoma asilimia ya damu. Kwa uwiano unaotumika sana, lita 2,100 za pumzi hubeba pombe sawa na lita moja ya damu. Kwa hiyo 0.38 kwenye mashine ya pumzi ndiyo miligramu 80 za kwenye damu. Ukiona 0.30 kwenye mashine ya pumzi, uko kama 63, chini ya kiwango cha dereva wa kawaida. Ukiona 0.30 kwenye mashine ya asilimia, una 300, na mtu wa hivyo hata kusimama ni shida. Namba ni ileile, maana zake ni mbingu na ardhi. Karatasi inayosema "dereva alipima 0.30" bila kizio ni karatasi yenye tundu, na hakimu anastahili kuonyeshwa tundu hilo.

Kukataa kupuliza

Usikatae. Nasema hivi kwa watu wanaonipigia simu saa saba usiku wakitaka niwaambie wakatae. Kukataa kupimwa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, kwa hiyo utakuwa umejiongezea kesi. Sababu ya msingi ni kama pumu kali, jeraha la kifua au mdomo, kitu ambacho daktari anaweza kukiandika. Hata hapo usiseme "sipimwi". Sema "kifua hakiniruhusu kupuliza, nipelekeni hospitali nipimwe damu."

Kupuliza kidogokidogo au kufyonza badala ya kupuliza ni kukataa kwa jina lingine, na askari mzoefu anakuona.

Na usitoe kitu. Noti iliyofichwa ndani ya leseni ni kosa la rushwa kwako wewe unayetoa. Ukiombwa wewe, kumbuka saa, mahali na namba ya askari, kisha piga 113, TAKUKURU, simu haina malipo.

Imesoma juu

Omba kupimwa mara ya pili baada ya dakika chache. Kisha omba kupelekwa hospitali kupimwa damu. Damu ina uzito kuliko mashine ya mkononi, lakini ujue inakata pande zote mbili. Kama ulikunywa muda mrefu uliopita, kila saa inayopita inakupunguzia. Kama ulimaliza glasi ya mwisho dakika 20 zilizopita, pombe bado inapanda, na damu inaweza kusoma juu kuliko pumzi.

Hospitalini mtazame anayekutoa damu. Mkono usifutwe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti ni pombe. Aombwe atumie dawa nyingine ya kuua vijidudu. Chupa ifungwe mbele yako, iandikwe jina lako, tarehe na saa. Kutoka hapo mpaka maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kila mkono unaoipokea chupa unapaswa kujulikana. Mahakamani mtasikia ikiitwa mnyororo wa kielelezo, na kiungo kimoja kikikosekana, mtetezi wako ana cha kuuliza.

Ukipata nafasi fungua simu uandike, au mpigie ndugu aandike: umesimamishwa saa ngapi, umepuliza saa ngapi, namba na kizio, jina au namba ya askari, nani alikuwepo, umekula nini na dawa gani. Kondakta wako au abiria wa kiti cha mbele ni shahidi. Chukua namba yake ya simu kabla hajapanda gari lingine.

Kama kuna ajali, baki eneo la tukio, wasaidie majeruhi, toa taarifa 112. Usikubali mtu akupe kinywaji "kutuliza moyo". Ukinywa baada ya ajali, hakuna atakayeweza kutenganisha pombe ya kabla na ya baada, na utakayeumia ni wewe. Bima nayo itauliza. Mikataba mingi ya bima kubwa haimlipi dereva aliyekuwa amelewa, na unaweza kujikuta unalitengeneza gari la tajiri wako kwa mshahara wako.

Kituoni

Gari lipate mtu wa kulichukua, mwenye leseni na ambaye hakunywa. Muite mapema.

Una haki ya kuambiwa kosa unaloshukiwa nalo na haki ya kumjulisha ndugu, rafiki au wakili. Yale yanayoitwa maelezo ya onyo huandikwa baada ya kuambiwa kwamba hulazimiki kusema, na kwamba ukisema yanaweza kutumika mahakamani. Kama bado kichwa kinazunguka, sema hivyo: "Naomba niandike maelezo nikiwa nimetulia." Ukishaandika, soma mstari kwa mstari. Kwenye maelezo ya shemeji palikuwa na sentensi "nilikunywa pombe kabla ya kuanza safari". Alichosema yeye ni "jana usiku kwenye harusi". Kwa sentensi ile moja, mtu aliyelala kwa saa nne akaonekana kama ametoka baa akapanda basi. Ukiona kosa, liombe lisahihishwe, weka saini kando ya sahihisho, ndipo usaini mwisho wa ukurasa. Kama huoni vizuri au husomi haraka, usomewe mbele ya ndugu yako.

Dhamana ya polisi ipo kwa kosa hili na haiuzwi. Unahitaji mdhamini anayeaminika mwenye kitambulisho, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Usitegemee kuachiwa ukiwa bado umelewa. Ukibaki mahabusu, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema kadiri inavyowezekana zikipita.

Mahakamani: maneno mawili yenye uzito

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo shtaka utalisikia kwa lugha yako. Lisikilize lote. Likisomwa neno usilolielewa, nyoosha mkono, muulize hakimu. Utaulizwa kama ni kweli au si kweli.

Ukisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, na utaulizwa tena kama ni sahihi. Hiyo ni nafasi yako ya pili. Kama maelezo yanasema ulikuwa unayumbisha gari na haukuyumbisha, sema "hilo si kweli". Kukiri kunatakiwa kuwe kamili na kusiwe na utata. Ukikiri kila kitu, ukahukumiwa kwa kukiri kwako, kwa kawaida rufaa itahusu adhabu peke yake, ukubwa wake au uhalali wake, siyo kama ulitenda. Mlango mwembamba unabaki pale tu kukiri kulipokuwa na utata, au kulitokana na kutoelewa, au shtaka lenyewe halikuwa kosa kisheria.

Ukisema "si kweli", wao ndio wa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kukutendea kama mwenye hatia kabla ya hapo. Uliza, wewe au wakili wako: mashine ilihakikiwa lini mara ya mwisho na cheti kiko wapi? Aliyepima amefundishwa kuitumia? Alisubiri muda gani tangu kunisimamisha? Namba ni ya kizio gani? Kwa nini karatasi ya majibu haikuletwa kama kielelezo? Usiulize kwa hasira. Uliza swali moja, ngoja jibu liandikwe, ndipo uende lingine.

Nawaambia na hili wanaonijia: kama ulikunywa, ukajua umekunywa, na kila kitu kilifanyika sawa, kukiri mapema ni haki pia na hakimu huliangalia wakati wa kutoa adhabu. Sitakusaidia kutunga uongo. Nimekwenda kwenye misiba ya watu waliogongwa barabara ya Morogoro na dereva aliyetoka kunywa, na nimekaa na watoto wao kwenye mkeka.

Kama huna pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza walipo.

Ukihukumiwa na hukubaliani

Siku zinaanza kuhesabika palepale. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku unazosubiri kupewa nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi, lakini lazima uonyeshe uliomba, kwa hiyo omba kwa barua, pigiwa muhuri, baki na nakala. Ukichelewa, Mahakama Kuu inaweza kukuongezea muda ukiwa na sababu nzuri, na sababu hiyo unaiandika kwenye kiapo.

Shemeji alikuja kwangu siku ya 52. Barua ya kuomba nakala hakuwa ameandika. Hukumu ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, pamoja na tiketi ya lile basi la Singida ambalo dereva mwingine aliliendesha asubuhi ile. Tulikaa chini ya mwembe, nikamwomba anisimulie tena kuanzia saa mbili usiku ya Jumamosi, tukaanza kuandika kiapo.